Maji ya Tembo wa Kwa Mbega

Nyinyi wenzangu wa hapa Tegeta mlioniona nimerudi uso umekunjamana, mkanong'onezana kwamba nimegombana na wakwe, nisikilizeni mara moja nisije nikarudia. Sikugombana na wakwe. Niligombana na karibu kila mtu mwingine, na hasira bado haijanitoka. Ndiyo maana naandika. Nikisimulia kwa mdomo nitapandisha sauti, na cherehani zote zitasimama, na nguo za watu zinasubiri.

Wengi wenu mnamjua wifi yangu Mwanaidi, dada yake mume wangu, aliyekuja hapa kwenye harusi ya Zuhura. Anaishi Kwa Mbega, kijiji cha Wakwere kilicho upande huu wa Mto Wami. Mumewe, Salehe, aliuawa na tembo mtoni alipokwenda kuchota maji. Siku hizo watu na wanyama walikuwa wakinywa mahali pamoja. Kiangazi kikikaza, kila mwenye kiu anakwenda pale pale. Alipotoka eda, Mwanaidi akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Tuchangishane, akasema, tununue sola ivute maji ya kisima. Sehemu ije bombani kijijini, sehemu iende kwenye lambo tutakalochimba kule porini, mbali na mashamba, tembo na nyati wanywe huko wasiwe na sababu ya kutufuata. Watu wakachanga, Waislamu kwa Wakristo. Siku ya kuzindua ikasomwa dua, ikatangazwa kuwa mitambo ile ni wakfu kwa ajili ya Salehe na wengine waliopotelea mtoni. Si mali ya mtu, haiuzwi wala hairithiwi. Tembo wakahamia lamboni, na watu wakapata usingizi.

Kiangazi hiki pampu ikasimama. Mwanaidi akanipigia simu sauti imemkauka. Fundi wa kambi ya watalii iliyo jirani nao ameikagua, akasema boksi linaloiendesha pampu limeungua, mitambo imekufa. Tembo wamesharudi kijijini, wamebomoa ukuta wa jiko lake wakitafuta mtungi. Na Ijumaa baada ya swala kuna mkutano: mwenye kambi anataka akabidhiwe mapaneli, halafu yeye ndiye awaletee watu maji. Ila lambo atalihamishia mbele ya mahema yake, wageni wakae vitini wakiwatazama tembo. Na njia ya kutoka porini kwenda kwenye mahema hayo inakata katikati ya mashamba ya Kwa Mbega.

"Lakini si wakfu?" nikamuuliza. "Wakfu unauzwaje?"

"Maalim amesema hauuzwi, wifi. Ila ukifa kabisa, usiwe na faida yoyote, unaweza kubadilishwa kwa kitu chenye faida. Na wao wanasema umekufa. Niletee boksi jipya kabla ya mkutano, nakuomba."

Ya dukani nayaacha. Boksi nililipata, nikalivika mfuko wa nailoni, Alhamisi asubuhi nikatoka.

Tegeta hadi Mlingotini

Nilikataa basi, kwa sababu utingo alitaka kulisukuma boksi langu chini ya magunia ya mkaa. Nikakumbuka kijana wa watu anayepeleka barafu Bagamoyo kwa gari dogo la mizigo. Nikamuuliza kama anakwenda moja kwa moja. Akasema, "Moja kwa moja, mama yangu." Nikapanda mbele, boksi mapajani.

Kumbe moja kwa moja yake ni kupita kwa wateja wote. Tulipofika Zinga akakata kulia, vumbi likatupokea, tukaishia Mlingotini. Nikamwambia hatukukubaliana hivyo. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba Mlingotini iko njiani, kwa sababu yeye kila siku anapita. Mtu wa namna hiyo unambishia nini?

Wenye kununua barafu hawakuwepo. Walikuwa wamekwenda maziko, hatukujua watarudi lini. Nikakaa kwenye kibanda cha mama mmoja aliyekuwa akianika mwani, akanipa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha yenye chumvi na pilipili. Mihogo mizuri, siisemi vibaya. Lakini kila aliyepita aliliuliza boksi. Mmoja alidhani ni redio, mwingine akataka kulikalia avue kiatu kilichoingia mchanga. Nikamwambia, "Baba, hapo umekalia maji ya kijiji kizima." Akaondoka akinitazama kwa huruma, nadhani alifikiri jua limenipanda kichwani.

Barafu ikawa inayeyuka, na dereva akawa amelala usingizi wa haki. Waliporudi kutoka mazikoni ilikuwa adhuhuri imeshapita, na kuwalaumu wafiwa nisingeweza, basi nikailaumu njia nzima kimoyomoyo.

Mbegani

Mbegani nako dereva alikuwa na mteja. Na hapo ndipo safari ilipoharibika, au tuseme ndipo mimi nilipoiharibu.

Kwenye kivuli pale palikuwa na gari kubwa jeupe, na bwana mmoja wa makamo, shati la kaki limepigwa pasi, akichagua kolekole na changu wa kupeleka jikoni kwake. Mtu mwenye adabu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia naelekea upande wa Wami. Uso ukamchangamka.

"Basi wewe ni wa kwetu, mama. Mimi ni meneja wa kambi huko. Umeshawaona tembo wetu?"

Akatoa simu. Akanionyesha video yenye muziki: tembo wanakunywa, watoto wa tembo wanajirusha matopeni, na maandishi yanapita chini. Nililitambua lambo. Nililijua kwa jiwe lake la kaskazini, ambalo mume wangu na wenzake walishindwa kuling'oa wakachimba pembeni mwake. Nikamuuliza ni wapi hapo.

"Bwawa letu hilo. Wageni wanalipenda kupita kiasi."

"Lenu nyinyi na nani?"

Akacheka kidogo. "Tunashirikiana na wanakijiji. Tatizo mitambo yao imekufa, fundi wangu mwenyewe ameitazama. Kesho tunakaa nao tuwasaidie. Kama unakwenda huko, panda. Gari lina kiyoyozi, jioni hii tumefika."

Jasho la wifi yangu, kaburi la Salehe, na michango ya watu wanaokula ugali kwa mboga ya majani, vyote vimewekewa muziki na kuitwa letu. Nikamwambia mimi ni wifi wa Mwanaidi, na kilichomo ndani ya mfuko huu ni boksi la pampu. Nikamwambia heri nitambae kwa magoti hadi Kwa Mbega kuliko kukaa kwenye kiyoyozi cha mtu anayekwenda kumnyang'anya mjane. Yeye hakukasirika. Akatikisa kichwa, akasema, "Mama, mimi pia nimetumwa," akapakia kolekole zake akaondoka.

Dereva wangu wa barafu aliponishusha Bagamoyo mjini aliniambia, "Mama, ungepanda tu, ukamtukane njiani. Ungefika leo."

Hasira hasara, mnasema. Haya, semeni.

Makurunge

Bagamoyo nikapata bodaboda ya mzee mmoja Mkwere, mvi tele, anaitwa Kondo. Akafunga boksi nyuma kwa mpira, tukavuka Ruvu vizuri. Tunafika Makurunge, mnyororo ukakatika. Fundi wa pikipiki amekwenda shambani, atarudi magharibi. Nikauliza kama hakuna pikipiki nyingine. Kondo akasema zipo, ila waendeshaji wote wako kwenye harusi, na harusi yenyewe ni ya kwa dada yake, na kwa hiyo twende tukale.

Pale uani palikuwa na masufuria makubwa na wanawake wengi wakipika. Kondo akanitambulisha kwa sauti: "Nimewaletea Mnyamwezi kutoka Tabora, ameolewa kwetu."

Mnajua Wakwere na sisi ni watani. Mimi mwenyewe nimewatania wakwe zangu miaka yote, na nimewahi kumvua shemeji kofia msibani asinifanye kitu. Lakini siku hiyo sikuwa na moyo wa utani. Kabla sijakaa, mama mmoja mnene alishalibeba boksi kichwani.

"Babu zenu walitubebea mizigo kutoka bara mpaka Bagamoyo," akasema. "Leo zamu yetu. Huu tumeuteka."

Wote wakacheka. Mimi nikasema kwa ukali, "Dada, lirudishe hilo, si la mchezo." Kosa. Mtani akinuna anaongezewa adhabu, na mimi nilinuna mbele ya ua mzima. Wakaliingiza boksi chumbani kwa bibi harusi, wakafunga mlango, wakanipa mbuzi ya nazi na rundo la nazi zilizovunjwa. Hulioni mpaka umekuna zote, wakaniambia. Nikakuna nazi huku nimefura. Kila nikiguna waliongeza nyingine. Mama yule mnene akaja kukaa karibu yangu, akikamua tui, na kwa sauti ya chini akaniuliza hasa ni kitu gani. Nikamweleza yote, lambo, mkutano na bwana wa video.

Akaacha kukamua. "Kumbe maji yamekauka kule? Ndiyo maana. Juzi tembo wamepita shambani kwa mdogo wangu, na sisi huku hatujawazoea." Akanyanyuka, akaenda akafungua mlango mwenyewe. "Utani umekwisha," akawaambia wenzake. "Mgeni alishwe alale, asubuhi aondoke mapema."

Nikala wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na sikumbuki lini nimekula vizuri hivyo nikiwa na hasira hivyo. Boksi wakanirudishia limefungwa kanga mpya. Bado wananidai radhi kwa ule uso wangu, na bado nasema walichagua siku mbaya.

Kwa Mbega

Mnyororo ulipatikana asubuhi ikiwa imeshakwenda, na barabara kule ndani ni mchanga mtupu. Mara kwa mara nilishuka nikatembea, Kondo akaisukuma pikipiki. Tulipofika, swala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha na watu wamekaa chini mbele ya uzio wa mapaneli, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Meneja alikuwa kwenye kiti cha plastiki na fundi wake kasimama nyuma. Mwanaidi aliponiona hakuinuka. Alifunika uso kwa ncha ya mtandio, kisha akaufunua.

Maalim Shomari, imamu wao, alikuwa akizungumza. Akasema, "Tumngoje huyu. Kama kuna la kufufuka, lifufuke sasa."

Mwalimu wa shule ya msingi, mwenyeji wa Mbeya, ndiye huwa anashughulika na nyaya zao. Akatoa boksi la zamani, akafunga jipya, nami nikimshikia bisibisi. Akawasha. Taa nyekundu ikapepesa, pampu ikakoroma kidogo, ikazima. Akawasha tena. Ikapepesa, ikazima. Ni vile vile kabisa ilivyokuwa ikifanya kwa lile la zamani.

Meneja hakucheka, namshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Wazee wangu, nafikiri mmeona." Maalim akainamisha kichwa. Nilimsikia mtu wa upande wa wanaume akisema basi, tuinue mikono tukubali, tumalize, tembo hawatungoji.

Nilikwenda kuegemea kwenye paneli. Nikaondoa mkono, ukaja mweupe. Nikatazama. Nikazunguka nikatazama mstari mzima, kisha mwingine. Mnisamehe neno: yalikuwa mavi. Mavi ya yangeyange, tabaka juu ya tabaka, yamekauka yakawa ukoko kama wa sufuria la wali, na juu yake vumbi na chumvi ya upepo wa bahari. Ndege wamefuata lambo, wameona vyuma vizuri vya kulalia, wakafanya kwao. Kioo chenyewe kilionekana kwa nadra, hapa na pale.

"Haya yameoshwa lini?" nikauliza.

Nikauliza tena, na safari hii nilipaza sauti. Mwanaidi ndiye aliyejibu. "Wifi, ni wakfu. Hatugusi."

"Hamgusi?"

"Tumewakataza hata watoto kuingia ndani ya uzio. Kitu kimeshatolewa kwa Mungu, nani apande na kitambaa? Mvua ndiyo inayoyaosha." Na mvua, tangu masika, haijaonekana. "Na wale ndege nao," akaongeza kwa sauti ya chini, "tulisema ni wageni wa wakfu. Tusiwafukuze."

Jamani. Nimetoka Tegeta, nimeshinda na barafu inayoyeyuka, nimemtukana mtu mwenye adabu, nimekuna nazi za harusi nisiyoijua, kumbe jua la Mungu linazuiwa na mavi ya ndege na heshima ya watu. Nilitaka kulia nikashindwa kwa hasira. Nikamgeukia fundi wa kambi, nikamuuliza yeye alipokuja kukagua alitazama nini. Akasema alitazama boksi. Boksi liko kivulini, mapaneli yako juani, hatua chache tu katikati. Meneja akasema labda kijana alikosea. Nikamwambia inawezekana, ila amekosea kwa upande ule ule anaokaa bosi wake.

Nikachukua kanga ya Makurunge iliyofunga boksi ili nisugue. Ikatoka minong'ono, na mzee mmoja akasema, "Mwanamke, hiyo ni mali ya wakfu." Hapo Maalim Shomari akasimama. Si mtu wa kelele yule.

"Wakfu hauuzwi," akasema. "Hilo nilifundisha mimi. Kwamba hauoshwi, alifundisha nani? Msikiti nao si wakfu? Mbona mnaufagia kila siku?"

Watu wakatazamana. Nadhani kila mmoja alikuwa akingoja mwingine aseme alilisikia wapi, na ikaonekana hakuna mahali.

Tatizo likawa maji. Ukoko ule hautoki kwa kitambaa kikavu, na kijijini hapakuwa na maji ya kuchezea; ndoo zilizobaki ni za kunywa. Maalim akasema, "Chukueni ya msikitini. Alasiri tutatayamamu kwa mchanga." Wakaleta mitungi ya udhu. Mwalimu akapanda, wanawake wakapanda, Kondo akapanda na mvi zake, tukasugua kwa kanga na maganda ya nazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: meneja alikunja mikono ya lile shati la pasi akabeba ndoo, ingawa hakuna aliyemwomba. Mwanaidi peke yake alibaki pale chini amekaa, akitazama kila paneli lilivyokuwa likigeuka kutoka nyeupe kuwa nyeusi.

Mwalimu akarudisha boksi la zamani, lile lililoambiwa limeungua. Akawasha. Taa ikawa ya kijani. Pampu ikakoroma, ikakaza, na bombani yakaanza kutoka maji mekundu ya kutu, halafu ya kijivu, halafu maji.

Nilitegemea vigelegele. Havikuja mara moja. Watu walikuwa na aibu, na wengine walikuwa wameshajiandaa kuinua mikono. Maalim akauliza kama kuna anayesema bado mitambo imekufa. Meneja akasema hapana. Akaomba ruhusa, akaaga vizuri, na kabla ya kupanda gari akamwambia Mwanaidi kwamba anatumaini wageni wake watakaribishwa waendelee kuja lamboni kutazama. Mwanaidi akasema tu, "Wamtafute Maalim."

Boksi jipya limebaki kule kama akiba. Msiniulize habari zake.

Siku nilipokaribia kuondoka habari ikaja kwamba tembo wamerudi lamboni, kundi zima na watoto wao. Kijiji chote kikaenda mpaka kwenye kichuguu ambacho mtu anaweza kuwaona kwa mbali bila kuwasumbua, hata Maalim akaenda, na Kondo aliyekuwa amekuja kunichukua. Nikamfuata Mwanaidi nyuma ya nyumba, kwenye lile jiko lililobomolewa. Alikuwa amepiga magoti, akikanda udongo wa kuziba ukuta.

"Wifi, twende. Wamekuja wote."

"Nenda wewe."

"Huji kuwaona? Mwenye lambo ni wewe."

Akachukua donge la udongo, akalibandika penye ufa, akalisawazisha kwa kiganja. "Sijawahi kuwaona pale," akasema. "Tangu lichimbwe. Nikiwaona nitamwona Salehe. Nimewawekea maji wanywe huko, na mimi nikae huku. Basi. Hayo ndiyo mapatano yangu na wao."

Nikafikiria ile video na muziki wake, nikahisi hasira inapanda upya. Kutoka kule kichuguuni zilisikika sauti za watu wakizuiana wasiseme kwa nguvu.

"Ufa wa chini bado," Mwanaidi akasema. "Kama unabaki, kanda."

Nikapiga magoti, nikakanda.